Mama anataka kuona "kwao Wareno": vijiji vya vilimani vyenye ngome, nimpeleke kipi?

Binti_Chumbageni

Habarini wadau. Niko Leipzig nasoma mwaka wa pili, mama yangu mzazi anakuja kunitembelea mwezi wa tano kutoka Tanga, viza ameshapata alhamdulillah. Nikamuuliza mama unataka tukatembee wapi, nikijua atasema Paris kuona ule mnara, akanijibu nipeleke Ureno. Ureno kuna nini mama?? Akasema nataka nione kwao hao, waliotoka huko wakaja kuichoma Mombasa, nione wenyewe walikuwa wanakaa nyumba gani. Nimecheka sana lakini yuko siriasi.

Sasa tuna siku nne, tunafikia Lisbon, gari hatuna. Nimeangalia Instagram naona Óbidos, naona Monsaraz, naona Marvão, na kusema kweli kwangu zote sura moja tu, kilima, nyumba nyeupe, ukuta, ngome juu, paka kalala dirishani. Tofauti yake nini? Mama ana miaka 63, magoti yanamsumbua, pombe hagusi na swala zake hakosi. Nisaidieni msinitume mahali pa kumbeba mgongoni.

Mgeni_Lisboa

Karibuni sana dada. Kwa magoti ya mama na bila gari jibu ni Óbidos, usihangaike. Basi unapandia Campo Grande hapa Lisbon, kama saa moja hivi mmefika, linawashusha karibu na mlango wa mji. Ule mlango wenyewe ndani umepambwa vigae vya bluu na vyeupe, mwambie mama asimame atazame juu kabla hajaingia. Ukishapita kuna mtaa mmoja mkuu unanyooka mpaka ngomeni, kamwinuko kapo ila ka kawaida.

Huo mji mfalme Dinis alimpa mkewe Isabel walipooana 1282, ikawa desturi, malkia wa Ureno wakawa wanamiliki Óbidos. Mahari ya mji mzima! Ngome siku hizi ni hoteli kwa hiyo ndani hamtaingia kienyeji, ila kanisa la Santiago pembeni yake limegeuzwa duka la vitabu na pale mnaingia bure.

Mambo mawili. Juu ya ukuta watu wanatembea kuuzunguka mji na upande wa ndani hauna kishikio chochote, ni kuanguka tu, mama abaki chini. La pili kuna kinywaji cha cheri wanauza mtaa mzima kwenye vikombe vidogo vya chokoleti, unakunywa halafu unakula kikombe. Ni pombe ile. Mama ataona chokoleti atanyoosha mkono, mdake.

Kibokoni

Assalam aleikum. Dada mamako nampa heshima zake, huyo ndiye msafiri. Mimi ni wa Mombasa, Old Town, nimekulia chini ya ukuta wa Fort Jesus, na nilipoenda Ureno mara ya kwanza nilikuwa na hasira kama za mamako na swali kama lake.

Kitu ambacho mama akijue kabla hajafika, asitegemee kuona Fort Jesus nyingine. Hizi ngome za vilimani ni za zamani zaidi na zilijengwa kwa vita vya aina nyingine kabisa. Wakati huo adui anakuja na mishale na ngazi, kwa hiyo dawa yake ni urefu, unapanda mlima, unajenga ukuta mrefu mwembamba, unaweka mnara, basi. Ilipokuja mizinga ule urefu ukawa balaa, ukuta mrefu unapigwa unamwagika. Ndio maana Fort Jesus, iliyoanzwa 1593 na Mtaliano Cairati, ni fupi, nene, imejiinamia kwenye mwamba na pembe zake zimetokeza nje ili mzinga ufyatue kufuata ukuta. Ukisimama Óbidos halafu ukumbuke Fort Jesus unaona kabisa hesabu zimebadilika.

Na kama anataka kwao Vasco da Gama mwenyewe, huyo si wa mlimani. Kazaliwa Sines, baharini, babake ndiye alikuwa mkuu wa ngome ya pale. Aliyeichoma Mombasa 1505 ni Francisco de Almeida, huyo mwingine, na alikuwa ametoka kuiteka Kilwa. Mama asije akamlaani asiyehusika lol

FundiMawe

Mgeni_Lisboa mkuu nakuheshimu lakini Óbidos ni duka lenye ukuta. Saa nne asubuhi mabasi ya watalii yanamwaga watu mpaka saa kumi, mama ataona migongo ya watu tu.

Dada mpeleke Mértola. Mimi ni fundi mwashi, nimekaa Beja, kusini mwa Ureno, miaka minne kwenye kazi za chokaa, majengo ya zamani, na Mértola ni kama kilomita 50 kutoka pale kwa hiyo nimeenda mpaka wenye migahawa wananijua. Kamji kadogo kameganda kwenye mwamba juu ya mto Guadiana, ngome iko kileleni, na chini yake kidogo kuna kanisa jeupe, sasa hilo kanisa ulitazame vizuri maana lilikuwa msikiti. Ulijengwa karne ya 12, Wakristo wa Santiago, shirika la wapiganaji wa kidini, walipouteka mji 1238 hawakuvunja, wakageuza tu, na mihrab, kile kishubaka cha kuonyesha kibla, mpaka leo ipo, nyuma ya altare. Milango nayo ina yale matao ya kiatu cha farasi. Niliingia mara ya kwanza najipangusa vumbi la kazini nikaiona ile mihrab nikakaa kwenye benchi kama robo saa sisemi kitu. Na mimi ni Mlutheri wa Moshi!

Halafu nje ya ngome kuna sanamu ya mtu juu ya farasi, watalii wengi wanadhani ni mfalme wa Ureno wanapiga picha wanaondoka. Ni Ibn Qasi, sheikh wa Kisufi, 1144 yeye na murid zake, yaani wafuasi wake, waliinyakua hiyo ngome wakawaasi Wamurabitun waliokuwa wanatawala. Baadaye akafanya urafiki na Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, watu wake wakaona kawauza, wakamuua 1151. Sasa mama akiuliza kwao Wareno walikuwa wanakaaje, mwambie miaka mia tano kusini huku walikuwa wanaadhiniwa, na hizo ngome nyingi unazoziona msingi wake ni wa Waislamu, Wakristo wamekuja kuongeza mnara. Mnara wa Mértola umeandikwa 1292, baada ya kuuteka, na mwashi akitazama anaona kabisa mkono si mmoja.

Na hapo nikupe siri ya kazi. Yale meno ya juu ya ukuta ambayo kila mtu anayapiga picha, mengi si ya zamani. Serikali ya Salazar, yule dikteta wa Ureno, miaka ya 1930 na 40 iliwekeza sana kwenye ngome, 1940 walikuwa na sherehe kubwa ya miaka 800 ya taifa wakataka kila kilima kiwe na ngome ya kueleweka, wakabomoa nyumba zilizokuwa zimejibanza ndani, wakainua kuta, wakaweka meno. Ngome ya São Jorge pale Lisbon ilifanyiwa hivyo hivyo 1938 mpaka 1940. Sisemi ni feki, kuta nyingi za chini ni zenyewe. Ila ukiona mawe ya juu yamepangwa safi, yamelingana, hayana historia ya kuoza, basi huyo fundi babu yangu angeweza kumjua.

Otis_Kisumu

Nimesoma yote na bado nasema ni mawe. Nimeenda Marvão, Monsaraz, nikapanda, nikaona Spain kwa mbali, nikashuka. Monsaraz ndani ya ngome wametengeneza uwanja wa kucheza na ng'ombe, at least hiyo ilinifurahisha.

Kwa wenye mpango wa kukodi gari msiingie nalo ndani ya vijiji hivyo aki. Zile njia zilipimwa kwa punda. Nililipishwa kioo cha pembeni na rangi ya mlango, na kampuni iliyonikodisha ikanitumia bili nyingine nikiwa nimesharudi nyumbani.

FundiMawe

Otis pole kwa kioo. Lakini Marvão uliingia birikani? Najua hukuingia.

Ni hivi, ngome ya mlimani adui wake mkubwa ni kiu. Juu kule hakuna kisima cha maana, mwamba mtupu, kwa hiyo mvua ndiyo kila kitu. Marvão uko kama mita 860, umepewa jina la Ibn Marwan, mwasi wa karne ya 9 aliyekuwa na makao Badajoz, upande wa Hispania, na ndani ya ngome pembeni ya mlango kuna birika la kujengwa, dari la tao, refu kama ukumbi wa shule, unashuka ngazi kwenye giza na maji yapo mpaka leo. Ukisema neno moja linakurudia mara nne tano. Wenyeji wanakwambia lilitosha kuwaweka watu nusu mwaka wakizingirwa.

Na mji uliokosa maji ulionekana, Silves, 1189, ukiwa bado mikononi mwa Waislamu. Mfalme Sancho wa Ureno alikuja na Wanajeshi wa Msalaba waliokuwa wanapita kwenda mashariki, wakauzingira kiangazi, wakavunja mnara uliokuwa unalinda njia ya maji, na mwanzoni mwa mwezi wa tisa mji ukajisalimisha kwa kiu. Kuta zenyewe zilikuwa bado zimesimama! Miaka miwili baadaye Wamuwahidun, watawala Waislamu wa Moroko, wakaurudisha. Sasa unaniambia ni mawe.

Kibokoni

Hapo kwa birika umenigusa fundi. Na si birika tu. Kule Kilwa tuna Husuni Kubwa, jumba la sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, hilo "husuni" ni hisn la Kiarabu, ngome. Sasa chukua ramani ya Andalusia upande wa Hispania utaona Iznájar, utaona Aznalfarache, ile Izn na Azn ni hisn hiyo hiyo imetafunwa na ulimi wa Kihispania. Neno moja limefika Kilwa kwa jahazi na huku limepanda mlima. Mamako akichoka na kutembea mkalishe mgahawani umpe hiyo na kahawa. Halafu amsikilize mhudumu akisema mesa, atashtuka, ni meza yetu, ila hiyo ndio sisi tulichukua kwao. Leso pia, bendera pia. Na gereza, waswahili wengi hawajui, limetoka kwa neno lao la kanisa, igreja.

Binti_Chumbageni

Jamani nimesoma nikamsomea mama kwa simu yote, kasoro ya Otis. Sehemu ya mihrab kanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Ananiuliza, mtu anaruhusiwa kuswali rakaa mbili pale? Na magoti? FundiMawe usinifiche, kupanda kukoje?

FundiMawe

Dada hapana, ni kanisa na linatumika, padri yupo, misa ipo. Unaingia, unatazama, unakaa kwenye benchi kwa adabu, dua ya moyoni nani atakuona. Swala aswali hotelini. Ila ujue kila baada ya miaka miwili, mwezi wa tano, wanafanya tamasha la Kiislamu, lilianza 2001, mitaa inafunikwa vitambaa kama souk na wanakuja wafanyabiashara kutoka Moroko. Angalia kama mwaka wenu ni wenyewe, na kama ni wenyewe chumba kitafutwe leo, si kesho, kamji kadogo kale.

Kupanda sikufichi, ni njia za mawe na mwinuko upo, ila ni mfupi. Mpande asubuhi kabla ya saa nne, apumzike kanisani, pale kuna baridi. Kutoka kanisani kwenda ngomeni ni hatua chache lakini ndizo kali, akishindwa si dhambi. Chini kuna makumbusho ya vyombo vya Kiislamu waliyochimbua pale pale, uchimbaji ulianza 1978, kuna bakuli moja limechorwa swala anawindwa na mwewe na mbwa, hilo asilikose. Viatu raba yenye soli ya kushika, sapatu ziacheni Lisbon. Mabasi ya Mértola ni machache, ukikosa la kurudi umelala, kwa hiyo panga kulala kabisa. Chakula wana samaki wa mtoni, ila waambie mapema usiwekewe nguruwe maana kusini kule nguruwe anaingia mpaka kwenye chaza.

Mgeni_Lisboa

Sawa nakubali, Mértola siku mbili. Lakini siku ya mwisho mkiwa Lisbon na muda wa bure Óbidos bado ipo saa moja tu 😅 na mkiniambia mapema nitawapokea Campo Grande, mke wangu ni wa Pangani atafurahi kumuona mama.

Binti_Chumbageni

Basi imekuwa hivyo, usiku wa kwanza Lisbon, mbili Mértola, wa mwisho kwa shemeji yetu na Óbidos tukiwahi. Tamasha bahati mbaya si mwaka wetu nimeangalia. Mama anasema asanteni wote, na wa Mombasa anaulizwa huyo Almeida aliyechoma mji kazikwa wapi.

Kibokoni

Hakurudi kwao. Alikuwa anatoka India 1510, wakashuka Table Bay kule Afrika Kusini kuchukua maji, wakagombana na Wakhoikhoi wa pale, akauliwa ufukweni yeye na watu kama 60.

Binti_Chumbageni

Nimemwambia. Kasema "kumbe", halafu kaniuliza huko Mértola kuna baridi kiasi gani abebe sweta.