Mjadala: Seneta aliyezuia vyeo vya majenerali wa Marekani aliulinda uhafidhina au aliidhoofisha nchi?

Mkaa Bandarini
Waungwana, naleta jambo ambalo wahafidhina wa Marekani wenyewe hawajalimaliza. Kuanzia Februari hadi Desemba 2023, Seneta Tommy Tuberville wa Alabama alizuia peke yake vyeo vya majenerali na maadmirali zaidi ya 400. Desturi ya Seneti ni kuyapitisha majina hayo kwa mkupuo mradi asitokee hata mmoja wa kupinga, naye akapinga. Hakuwa na ugomvi na maofisa hao. Ugomvi wake ulikuwa na sera ya Waziri wa Ulinzi, Lloyd Austin, ya kuwapa askari nauli na ruhusa ya kwenda kutoa mimba katika majimbo yanayoruhusu. Usiku wa tarehe 1 Novemba maseneta wa chama chake mwenyewe, Dan Sullivan na Joni Ernst miongoni mwao, wote wawili watu waliowahi kuvaa gwanda, walimsomea jina moja baada ya jingine kwa zaidi ya saa nne, na kila jina akalikataa. Pande zote mbili zinapinga utoaji mimba na zote zinajiita watetezi wa jeshi. Mhafidhina wa kweli usiku ule alikuwa nani?

Kadhi wa Mtaa
Alikuwa Tuberville. Sheria yao inakataza fedha za Wizara ya Ulinzi kutumika kutoa mimba, isipokuwa pale uhai wa mama unapokuwa hatarini, au mimba inapotokana na kubakwa au na maharimu. Waziri akapita mlango wa uani: hospitali hakuilipa, akalipa njia ya kufika huko. Ama huo utayari wa jeshi unaoliliwa, kila kiti kilikuwa na mtu wa kukaimu, na Seneti ilikuwa na uwezo wa kupiga kura ya jina moja moja wakati wowote. Septemba ilifanya hivyo kwa Jenerali Charles Brown, akapita kwa kura 83 dhidi ya 11. Uvivu wa maseneta usibandikwe jina la udhaifu wa jeshi.

Shungi la Mvita
Kukaimu si kuongoza, ndugu yangu. Jenerali David Berger alipostaafu Julai, kikosi cha Marine kilibaki bila mkuu aliyeidhinishwa, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa zaidi ya miaka mia. Msaidizi wake, Eric Smith, alibeba kazi zote mbili, na hata alipoidhinishwa Septemba, kiti cha msaidizi kilibaki kitupu. Oktoba 29 moyo wake ulisimama. Siku nne baadaye Seneti, iliyokuwa imekwama miezi yote hiyo, ikampitisha msaidizi. Lakini tungetarajia nini kwa Tuberville, kocha wa mpira wa Kimarekani, mtu aliyezeeka akipiga filimbi kando ya uwanja na hajapata kuvaa gwanda hata siku moja?

Kocha Mstaafu
Nilikuwa msomaji tu katika uzi huu, ila hilo la filimbi limenigusa. Nimefundisha timu za shule kwa miaka 26, na sijui kazi inayomfunza mtu maana ya utayari kuliko hiyo. Bwana huyu aliifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Auburn, huko huko Alabama, miaka kumi, mwaka 2004 hakupoteza mechi hata moja, na wapinzani wao wa jadi, Chuo Kikuu cha Alabama, aliwafunga mara saba. Watu wa jimbo hilo hilo wakampa useneta mwaka 2020. Dharau zenu kwa makocha hazina ushahidi.

Shungi la Mvita
Ni mara sita, Mwalimu, si saba.

Kocha Mstaafu
Sita ni za mfululizo, 2002 hadi 2007. Ongeza ya mwaka 2000, kisha ndipo unisahihishe.

Shungi la Mvita
Basi tuhesabu na ya 2008, alipochapwa 36 bila, akaiacha kazi. Nikuulize kwa lugha yako: kocha anayewazuia wachezaji wa akiba wasiingie kwa sababu amegombana na mwenye uwanja, unamwitaje?

Kocha Mstaafu
Namwita mtu mwenye msimamo. Mwaka mmoja nilikataa kupeleka timu kwenye mashindano ya mkoa kwa sababu waandaaji waligoma kulipa nauli ya watoto. Wachezaji walilia na wazazi wakanitukana, lakini mwaka uliofuata nauli ikalipwa.

Mama wa Sajini
Mwalimu wangu, wewe ulisusa ili nauli ilipwe, yeye alisusa ili isilipwe. Msitiwe kapu moja. Binti yangu ni sajini huko Texas, jimbo linalokataza kutoa mimba. Hakuichagua Texas, alipangiwa. Kutoa mimba nakupinga na nitakupinga hadi kaburini, ila sera hiyo iliwahusu pia wanaotafuta mtoto kwa njia ya kupandikiza mimba hospitalini, na hilo Kadhi amelipita kimya. Wizara ilipotoa hesabu, kuanzia Juni hadi Desemba 2023 nauli ilikuwa imetumika mara 12, kwa gharama isiyofika dola 45,000. Safari 12, majenerali 400.

Kadhi wa Mtaa
Mama, kwa heshima zote, sikupita kimya, na sipendi kuambiwa ninaficha. Anayeficha ni dada wa Mvita. Moyo wa Jenerali Smith ulikuwa na vali yenye kasoro ya kuzaliwa, akapasuliwa Januari 2024, na Machi akarejea kazini. Mmemgeuza mgonjwa kuwa fimbo ya kumpigia seneta.

Shungi la Mvita
Sikusema Tuberville ndiye aliyemzaa na kasoro. Nilisema alikuwa na kazi mbili.

Mkaa Bandarini
Swali langu la uhafidhina naona limeachwa kwenye uwanja wa Auburn. Nami, nikiwa Mtanzania, nimezoea vyeo vya majenerali kutolewa na Rais bila Bunge kuulizwa, kwa hiyo labda nililiuliza vibaya. Nibadilishe: alipata nini? Desemba 5 aliwaachia karibu wote, akabakiza wachache wa nyota nne, na kabla ya Krismasi akawaachia nao, huku sera ikiwa haijaguswa.

Kocha Mstaafu
Ilifutwa Januari 2025, chini ya Pete Hegseth, aliyemrithi Austin. Alichokitaka kimekuwa.

Shungi la Mvita
Kimekuwa kwa sababu Trump alishinda uchaguzi. Kingekuwa hivyo hivyo hata kama majenerali wale wangepandishwa kwa wakati wao.

Kadhi wa Mtaa
Na nani aliyelifanya jambo hilo lijulikane kwa wapiga kura? Kabla yake hakuna aliyekuwa akiizungumzia nauli ya askari.

Mama wa Sajini
Sasa umeitaja mwenyewe. Zile safari 12, Kadhi, bado nakungoja.