Mrejesho: picha za kanisa la zamani karibu na Rosterman, Kakamega

Wadau, nimerudi. Niliuliza hapa nilipigeje picha lile kanisa karibu na Rosterman, palipochimbwa dhahabu miaka ya 1930, maana kwenye picha kuta zilitoka zimelala nyuma na, kwa ndani, madirisha meupe pe. Uliyeniambia nisogee mbali na nisiinue kamera, asante sana! Kuta sasa zimesimama wima. Ndani niliweka kamera kwenye stendi, ISO 100 (kamera ihisi mwanga kidogo tu), nikapiga picha tatu za mwanga tofauti nikaziunganisha. Rangi za vioo zimeonekana. Kungoja jua la alasiri kwa picha ya upande wa mbele ndiko kulikonigomea. Kakamega hii, saa tisa mvua hiyo! Niliishia kunywa chai na mzee wa kanisa. Upande huo nitaurudia Januari, kukiwa kukavu.