Kachomoa mkanda wa kaseti yangu kwa kidole, mbele ya watu, halafu akacheka!

Kaseti90 (mleta mada):

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mkiona herufi zimepandana, mnisamehe.

Simtaji jina. Mnamjua. Kila darasa linaye mmoja. Yule ambaye bwenini aliazima sabuni Jumatatu, ikifika Ijumaa anakuuliza "sabuni gani?" Leo ana gari, basi funguo anazitandaza mezani kabla hajasalimia. Tumbo linaingia kikaoni saa nne, yeye mwenyewe anafika saa nne na robo.

Jana jioni nilikaribisha nyumbani wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne mwaka 1992. Watu saba, pilau, soda, kachumbari. Nikatoa redio kaseti na boksi langu la kanda. Zimebaki 214, nimezipanga kwa miaka na bendi, kila moja na karatasi yake niliyoiandika kwa mkono. Nilitaka tu wenzangu wasikie tulivyokuwa tunasikiliza zamani.

Yule bwana akachukua moja. Mikono ya mafuta ya pilau ile! Akaigeuza, akaigeuza tena, akasema: "We bado unahangaika na makitu haya? Si ndiyo tunayafunga mpungani kufukuzia ndege?" Watu wakacheka. Akaona wamecheka. Akaingiza kidole pale chini mkanda unapopita, akavuta.

ALIVUTA, wakuu. Alivuta kama mtu anayechomoa utumbo wa kuku. Mkanda wa kaseti ya dakika 60 una urefu wa mita kama 90, na nawaapia huyu mtu alikuwa na nia ya kuzimaliza zote 90. Ukatanda kwenye sahani, kwenye kachumbari, kwenye goti la shemeji. Halafu akaupeperusha juu: "Swiii! Ndege wote Ifakara wamekimbia!"

Tena vijana wa siku hizi mniache niseme, maana najua mtakuja na "si zipo YouTube". Sisi tuliosoma miaka ile hatukuwa na televisheni Bara, ilikuja 1994. Redio ilikuwa moja, Redio Tanzania. Bendi zilikwenda kurekodi pale pale redioni, na nyimbo nyingi za miaka ya themanini hazikutoka kwenye sahani ya santuri kabisa. Ukiupenda wimbo, njia ni moja: ukae na redio kaseti, vidole viwili juu ya vitufe, usubiri. Unasubiri wiki mbili. Siku wimbo ukipigwa, umeme unakatika, au mtangazaji anaongea juu ya gitaa la mwisho, au baba anaingia kuuliza nani kamaliza betri. Ukifanikiwa, unavunja vile vijino viwili vya juu ili mtu asije akafuta. Kanda ikilegea unairudisha kwa kalamu ya Bic, taratibu, huku unaomba Mungu.

Mimi mpira sikuupenda. Karata sikuzipenda. Nilipenda hicho tu. Nilikuwa na daftari kubwa la maneno ya nyimbo, na wenzangu wa bweni walipanga foleni kunakili waandikie wachumba wao. Huyu huyu mvuta mkanda alinakili! Barua iliyompatia mke wake nusu ni maneno ya Marijani Rajab, kutoka daftari LANGU.

Na jana anaingiza kidole. Kidole, wakuu. Hakuuliza. Kidole hiki hiki kilichokuwa kinashika mfupa.

---

Nyati Pekee: Nimekaa palee, namsubiri mhusika aje ajitetee.

Kijana wa Nane Nane: Sasa mzee, si zipo YouTube?

Mpogoro Halisi: Kaonywa kwenye uzi wenyewe na bado kauliza. Vijana hamsomi.

Kijana wa Nane Nane: Nimesoma mpaka kwenye pilau. Hatujaambiwa kama lilikuwa la nyama.

BibiShamba: Naomba niseme upande wa pili. Mume wangu ana redio mbovu tatu sebuleni. Tatu! Moja haina mfuniko, moja haina waya, ya tatu ina mijusi. Nikisema zitolewe, ananiambia "hizo ni kumbukumbu". Wageni wakija wanakaa kwenye ndoo kwa sababu kumbukumbu imekaa kwenye kochi. Mleta mada, mkeo anasemaje kuhusu hizo 214?

Kaseti90: Mke wangu ndiye aliyeokota mkanda kwenye kachumbari, mama. Aliuosha kwa kitambaa chenye maji huku analia. Jamaa alikuwa anapiga picha.

Nyati Pekee: Picha ziko wapi? Uzi bila picha haujakamilika.

Mzee wa Kihonda: Pole sana mkuu. Mimi yalinikuta na daftari. Mwaka 1987 nilikuwa na daftari la mashairi, kurasa 96 zimejaa. Mwalimu wa zamu akalikuta chini ya godoro, akalisoma paredi mbele ya shule nzima kwa sauti ya kubana pua, akalichana. Nilikuwa na uwezo, wakuu. Sijaandika shairi tangu siku ile. Huwa nakaa kwenye basi naanza ubeti, mstari wa tatu nasikia ile sauti ya pua.

dada_wa_Changombe: Mzee wa Kihonda umeniumiza. Kaka yangu yeye aliuza magazeti yangu ya katuni kwa muuza maandazi. Nilikuwa nayo tangu darasa la tatu, sikukosa toleo. Nikawa naenda kununua maandazi kila asubuhi ili nipate kurasa zangu, moja moja, zikiwa na mafuta. Nimenenepa kwa ajili ya yule kaka.

Mpogoro Halisi: Ulizipata ngapi?

dada_wa_Changombe: Kumi na moja. Zote za katikati. Mpaka leo sijui hadithi hata moja iliishaje.

Kijana wa Nane Nane: Mimi mama alifuta michezo yangu yote kwenye simu ili apate nafasi ya picha za kikoba. Naomba na mimi nipewe pole.

Mpogoro Halisi: Hupewi.

Nyati Pekee: Turudi kwenye mada. Mleta mada, punguza makasiriko. Una kanda 214, imeharibika moja, zimebaki 213. Unatulilia kama umefiwa.

Kaseti90:

Nyati Pekee, sikutaka kuyasema haya, ila umeyatafuta.

Kanda ile haikuwa ya muziki tu. Nilikuwa bwenini mkoa wa Iringa, mama yangu yuko Ifakara. Mama hakujua kuandika. Mwaka 1990 alikwenda kwa jirani mwenye redio kaseti, akakaa, akaongea. Akaongea upande mzima na zaidi. Kanda akampa utingo wa basi aniletee. Niliisikiliza mara mbili chini ya blanketi, nikaona aibu, maana wenzangu walikuwa wanapata barua na mimi napata mama anayekohoa na jogoo wa jirani anayewika.

Wiki moja baadaye, Jumamosi usiku, redioni ikaanza dansi niliyokuwa naisubiri muhula mzima. Sikuwa na kanda tupu. Nikachukua ile. Nikabonyeza rekodi. Mimi mwenyewe, wakuu, kwa kidole changu, nikamfuta mama yangu upande wa kwanza wote, nikageuza, nikaendelea upande wa pili mpaka kipindi kikaisha.

Zikabaki dakika nne za mwisho. Kwenye hizo dakika nne anasema kuku wangu ametaga mayai tisa, anasema nisilale na soksi mbichi, anasema "haya, imetosha, huyu mwenye redio anataka redio yake." Mama alifariki 1997. Hatukuwa na rekodi nyingine ya sauti yake, nyumba nzima hatuna.

Kila mwaka naisikiliza mara moja tu, nisiichoshe. Jana nilikuwa nimeiweka pembeni kabisa, juu ya kitambaa. Akaacha zote zilizokuwa kwenye boksi akanyoosha mkono pembeni kabisa. Akaingiza kidole.

Imekatika sehemu mbili.

---

Mzee wa Kihonda: Sina neno mkuu. Pole.

dada_wa_Changombe: Pole sana kaka. Mayai tisa... nimelia na mimi kazini hapa.

Nyati Pekee: Mkuu, nafuta kauli yangu. Pole. Huyo jamaa alipe.

Mpogoro Halisi: Analipaje sauti ya mama?

fundi_redio: Kaseti90, nisikilize vizuri, hii kazi nimeifanya miaka mingi. Usiiweke kwenye redio tena, itameza. Usiunge kwa selotepu ya kawaida hata kidogo, gundi yake inatoka inanata kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, baada ya mwezi utalia upya. Kuna utepe maalumu wa kuungia mikanda. Angalia kaseti yenyewe: kama ina skurubu tano ndogo, ifungue taratibu juu ya kitambaa cheupe, uone kipande gani kiko gurudumu gani. Kama imegundishwa haina skurubu, tafuta ganda la kaseti nyingine lenye skurubu tuhamishie humo. Mkanda ukate wima kwa wembe mpya, ncha mbili zikutane bila kupandana, uunge upande wa nyuma, ule usiogusa hedi. Ulipokunjika sauti itayumba kidogo, lakini itasikika. Ukikatika hupotezi maneno mengi, sekunde moja ya kaseti ni karibu sentimita tano za mkanda. Na siku ya kwanza ikicheza, rekodi moja kwa moja kwenye kompyuta, usingoje ya pili.

Kaseti90: Fundi, Mungu akubariki. Ina skurubu tano. Nimehesabu sasa hivi kwa tochi. Sehemu moja imekatika kwenye muziki, ya pili sijui. Sina ujasiri wa kutazama.

fundi_redio: Mkanda wa dakika 60 ni mnene, unavumilia. Ingekuwa ya dakika 120 ningekuwa na wasiwasi, ile ni nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Muziki uliorekodi juu yake ni wa bendi gani?

Kaseti90: Sikinde. Mlimani Park.

Mzee wa Kihonda: Ah! Angalau ulimfuta kwa bendi ya maana.

Mpogoro Halisi: Bendi ya maana ni Msondo. Baba ya muziki.

Mzee wa Kihonda: Sikinde, ngoma ya ukae! Msondo mlikuwa mnapiga matarumbeta tu.

Mpogoro Halisi: Msondo ilianza 1964 ikiitwa NUTA, Sikinde imekuja 1978. Mtoto hamfundishi baba kutembea. Hata mwimbaji Gurumo mlimchukua kwetu.

Mzee wa Kihonda: Akaja kwetu kwa sababu alijua pa kuja.

Mpogoro Halisi: Na akarudi kwetu. Mpaka anastaafu yuko Msondo. Unataka ushahidi gani zaidi?

Nyati Pekee: Wakuu, kuna mtu mama yake amekatika sehemu mbili.

Mzee wa Kihonda: Tunajua, tunamwombea. Lakini upotoshaji hatuwezi kuuacha hivi hivi.

Msa_Kibokoni: Habari za huko ndugu zangu. Nyote mnabishana bure, muziki mtamu wa Kiswahili ni wa bendi za Wanyika, na huo ni wetu Kenya.

Mpogoro Halisi: Wenu kivipi? Wilson Peter Kinyonga na nduguye George ni watu wa Tanga! Walikuja kwenu 1971 wakaanzisha Simba Wanyika. Mmewapa jukwaa tu.

Msa_Kibokoni: Jukwaa na santuri pia. Nyinyi mlikuwa mkivizia redio na kalamu, mleta mada kasema mwenyewe.

Mzee wa Kihonda: Hapo Mpogoro Halisi, mimi na wewe tuko upande mmoja. Mjibu.

Mpogoro Halisi: Tena mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alifia huko huko kwenu Mombasa kwa ajali, Januari 1979. Msituguse kabisa.

Msa_Kibokoni: Aka, sasa ajali ni yangu mimi? Mwaka 1979 nilikuwa sijazaliwa!

Kijana wa Nane Nane: Huyo Mbaraka yupo YouTube?

dada_wa_Changombe: Wewe kijana ungekuwa karibu ningekupiga andazi.

Kaseti90: Wakuu, samahani kuwakatiza. Nimefungua skurubu zote. Pa kwanza ni kwenye wimbo. Pa pili ni karibu kabisa na mwisho wa upande wa pili. Naona kama iko kwenye mama. Fundi, utepe wa kuungia naupata wapi kwa hapa Morogoro? Na yule mtu ametuma ujumbe saa hii: "Kaka vipi, umenuna kwa ajili ya kaseti?" Sijamjibu.

fundi_redio: Usiguse kitu. Ninao kipande. Nipo Dar, kesho asubuhi nampa dereva wa basi, nitumie namba yako faragha.

Kaseti90: Nimetuma.

Mzee wa Kihonda: Mpogoro Halisi, bado hujanijibu. Mwimbaji Bitchuka alihama mara ngapi kati ya bendi hizi mbili?

Mpogoro Halisi: Tuanze kuhesabu pamoja, usije ukaruka hata moja.

Msa_Kibokoni: Nami nitahesabu, nyinyi siwaamini.

BibiShamba: Fundi, nilikuwa naandika tangu asubuhi hamnioni. Kati ya zile redio tatu, ile yenye mijusi inatengenezeka?