Mrejesho: ile Prado isiyo na kumbukumbu za sevisi

Wakuu, niliuliza kama ninunue Prado ya 1998, injini ya dizeli ya 1KZ, ambayo muuzaji alikuwa na risiti mbili tu za sevisi. Nimeichukua. Fundi aliikagua asubuhi injini ikiwa baridi kabisa: maji ya rejeta safi, hayana mafuta. Tukaipandisha mlima mkali wa Kitonga kule Iringa kuona kama itachemsha, geji ya joto ikatulia. Chesisi ilikuwa na rangi mpya nyeusi (hiyo ilinitia shaka kuliko yote, rangi huficha kutu), tukaigonga kwa nyundo. Kutu ya juujuu tu. Taiming belti (mkanda wa ndani ya injini) nimebadilisha siku ileile, maneno ya mdomo ya muuzaji siyaamini. Oili ya difu (gia za ekseli) ya nyuma ilitoka kama chai ya maziwa, maji yaliingia. Sili mpya, naendelea kuichungulia.