Tupeane uzoefu: tulioishi na mraibu wa heroini ndani ya nyumba

Ndugu zangu, ninaomba tusimulie hasa siku za kuacha na siku za kurejea nyumbani, kwa kuwa naamini hapo ndipo familia nyingi hukosea, kama tulivyokosea sisi.

Mdogo wangu alianza kwa kuvuta kokteli, yaani unga wa heroini uliochanganywa na bangi na tumbaku, katika maskani moja hapa Magomeni, na baadaye akawa anajidunga. Ilikuwa mwaka 2009, kabla ya kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, kufunguliwa Muhimbili mwezi Februari 2011, nasi tukaona dawa ni kumfungia chumbani. Arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga, ilimshika kwa miayo, makamasi, kutapika, kuharisha na maumivu ya mifupa yaliyomfanya alie usiku kucha, lakini baada ya siku kumi alikula, tukamshukuru Mungu na kumpeleka kijijini kwa baba mkubwa. Alirudi baada ya miezi minne akiwa amenenepa. Juma la pili tulimkuta chooni amefariki, bomba la sindano likiwa kando yake. Daktari alitueleza kwamba mwili uliokaa muda mrefu bila heroini hupoteza ustahimilivu wake, hivyo kipimo kilekile alichokizoea zamani kilizima pumzi yake. Hakuna aliyekuwa ametuambia hayo.

Mchangiaji, Temeke:
Pole sana, dada. Mimi nilikuwa teja, na huu ni mwaka wangu wa saba katika methadoni. Nyakati zile nilihitaji kete tatu au nne kwa siku ili tu niweze kusimama, na nilizipata kwa kuiba hata sufuria za mama. Sasa ninakunywa dawa mara moja kila asubuhi mbele ya muuguzi, nayo huizuia arosto hadi kesho yake, nikaweza kufanya kazi ya useremala. Huumia ninaposikia kwamba tumebadilisha unga kwa unga, kwa sababu wenzangu wawili waliacha dawa kutokana na maneno hayo wakarudi maskani. Kinachotutesa zaidi ni nauli ya kila siku. Hukohuko kliniki ndiko nilikopimwa na kujua kwamba nina VVU, kwani tulichangia bomba moja watu watano, na sasa ninatumia dawa zake pia.

Mchangiaji, Unguja:
Mwanangu ameingia nyumba ya upataji nafuu, wanamokaa wanaoacha unga, mara tatu. Mara mbili za kwanza alipoteleza akatumia tena, nilimfukuza, na sasa najua kwamba nilimfukuzia mahali ambapo angeweza kufa bila mtu wa kumwona. Safari hii alipotoka nilimketisha nikamweleza wazi kwamba mwili wake hauna tena nguvu ya kuhimili kipimo cha zamani, na kwamba akiteleza aje nyumbani aniambie, sitamfukuza. Alikuja usiku mmoja mwezi uliopita. Nilikaa naye macho hadi alfajiri nikisikiliza anavyopumua, na asubuhi tukaongozana kurudi kwa mshauri wake.