Midnight Train ya Sauti Sol: walikomaa au walipoa?

BesiGitaa (mleta mada)
Kila Sauti Sol, ile bendi ya Kenya, wakitajwa kuna mtu lazima aseme "waturudishie wale wa Mwanzo". Jamani, Mwanzo, albamu yao ya kwanza, ni ya 2008. Wale walikuwa vijana waliozoea kuimba bila ala shuleni Upper Hill, Nairobi, wakakutana na Polycarp na gitaa lake, wakaimba kutongoza (Lazizi) na kero za polisi (Blue Uniform). Ilikuwa tamu, sikatai. Lakini mtu wa thelathini na kitu akiendelea kuimba kama wa ishirini na moja, huyo anaigiza. Midnight Train, albamu ya 2020, ni watu wazima wanaongea. Sikiliza Insecure: mwanamume anajianika na wivu wake, hajifanyi jogoo. Suzanna inamuuliza msichana wa zamani kulikoni kabadilika hivi. Hayo huwezi kuandika ukiwa bado unaomba nauli kwa mama. Halafu wengi wanaolilia Mwanzo hata CD hawakununua. Karibuni.

Njiru Moja
Buda, hapo kwa CD umenikosea heshima. Mimi nilinunua, pesa zangu, na bado ninayo kwenye boksi la viatu, kava limepasuka kona. Wewe ulinunua?

Mwanaidi_TA
Mkuu mleta mada, CD hiyo huku Tanga ningeitoa wapi? Lazizi nilirushiwa kwa bluetooth. Simu mbili mezani, mtu akipita katikati unaanza upya. Tukaimba nayo miaka. Leo unaniambia sina haki ya kuipenda kwa sababu sina risiti?

BesiGitaa
Dada Mwanaidi, sikukulenga wewe. Nawalenga wa Nairobi waliokuwa na duka mlangoni. Na Njiru, sikununua, nilikuwa kidato cha pili. Hilo linaondoa nini kwenye hoja yangu?

Njiru Moja
Linaondoa yote. Unawasimanga watu kwa kitu ambacho hata wewe hukufanya.

Kaka Mpole
Naomba niweke rekodi sawa, bila ugomvi. Huku Bongo Sauti Sol walishikwa mkono na Ali Kiba, msanii wetu. Kabla ya ile Unconditionally Bae waliyoimba naye hakuna aliyewajua. Kwa hiyo "wale wa Mwanzo" ni stori za Wakenya wenyewe.

Njiru Moja
Haya, amefika. Unconditionally Bae ni 2016! Sura Yako ilitoka 2014, harusi gani ya Afrika Mashariki haikupigwa hiyo? Watu na suti zao wakicheza lipala, ile staili ya wimbo huo. Na huo huo 2014 walibeba tuzo ya MTV ya Ulaya, kipengele cha Afrika. Kiba aliwashika mkono wapi, kwenye ndoto?

Kaka Mpole
Harusi za kwenu. Huku ukumbi ukitaka kuchangamka unajua nani anapigwa. Na povu la nini?

Mwanaidi_TA
Kaka Mpole, mimi niko Bongo hii hii na nimeshasema Lazizi niliipata kwa bluetooth kabla Kiba hajafikiria kuimba nao. Usinisemee.

Kaka Mpole
Tanga mko karibu na mpaka, hamhesabiki 😂

Mwanaidi_TA
Rudia hapo kaka yangu. Hatuhesabiki kwenye muziki? Sisi tulikuwa na Black Star na Lucky Star zikitikisa pwani nzima kwa taarabu, wa kwenu hawajazaliwa. Toka zako.

Shemeji wa Butere
Wakati mnagombania mpaka, nirudi kwenye albamu, maana nadhani pande zote mbili mmesikiliza nusu. Mnasema Midnight Train imepoa, imekuwa ya watu wa Kilimani, wenye pesa zao Nairobi. Ule wimbo wa Disco Matanga je? Kuna Black Motion na Sho Madjozi wa Afrika Kusini humo, sawa, lakini jambo lenyewe ni letu la Magharibi kabisa. Usiku wa matanga, jenereta linanguruma nyuma ya migomba, spika mbili juu ya meza, vijana wanatoa pesa ili wimbo ubadilishwe au aliyeketi ainuke acheze, na maiti iko ndani ya nyumba. Serikali imeshapiga marufuku mara nyingi kwa sababu wasichana wetu wameumia pale. Kuchukua kitu chenye uchungu wa namna hiyo na kukifanya dansi ni uamuzi mzito. Je, waliubeba uzito wake? Mimi naona hapana. Mdundo ni wa klabu, waliofiwa hawamo. Kwenye Nerea walibanwa na watu, wakaitwa wapinga haki za wanawake kwa sababu mwanamume anaomba mimba isitolewe, lakini angalau ule wimbo ulikuwa na mtu ndani yake.

BesiGitaa
Nerea usiilete hapa, hiyo ni mada nyingine kabisa. Mwanamume anamwamulia mwanamke eti kwa sababu mtoto huenda akawa Mandela.

Njiru Moja
Sasa ghafla hutaki nyimbo za zamani. Si wewe ulisema walikuwa wanaimba kutongoza tu? Na 2018 walitoa Tujiangalie na Nyashinski, deni la nchi na wanasiasa, miaka miwili kabla ya Midnight Train yako. Ukubwa walikuwa nao tayari. Walichokosa 2020 ni gitaa. Polycarp anasikika kwa mbali, kompyuta imejaa kila mahali.

Shemeji wa Butere
Gitaa naunga mkono. Lakini Brighter Days, wale Soweto Gospel Choir wakiingia, na ile ilitoka tumefungiwa ndani na korona... hapo sina la kusema. Sikiliza usiku.

Kaka Mpole
Brighter Days nzuri. Ila kwaya ndiyo imeibeba, kama Kiba alivyobeba ile nyingine.

Njiru Moja
Huyu mtu nani alimwalika?

Mwanaidi_TA
Mwacheni, mimi ndiye nina kesi naye. Kaka Mpole, wewe ni wa wapi hasa? Taja mkoa.

Kaka Mpole
Dodoma.

Mwanaidi_TA
😂😂😂 Kumbe!