Mkono wa roboti wenye hisia: tupasue fuvu au kofia inatosha?

Mleta mada: Mtu aliyepooza mikono, fedha za umma zimlipie upasuaji wa ubongo ili auongoze mkono wa roboti na kuhisi unachoshika, au avishwe kofia ya elektrodi (vipande vya kunasa umeme wa ubongo) na kimota cha mtetemo kimjulishe roboti inaposhika? Mimi nasema upasuaji. Chuo Kikuu cha Pittsburgh walipandikiza ubongoni vijibrashi vya sindano, viwili sehemu inayoongoza mwendo, viwili sehemu ya mguso. Vidole vya roboti vikibana kitu, umeme usiozidi mikroampea 100 huingia penye mguso. Matokeo ya 2021: muda wa kushika na kuhamisha vitu ulishuka kutoka sekunde 20.9 bila mguso hadi 10.2 ukiwepo mguso. Kilichopungua hasa ni kule kuhangaika kushika.

Mchangiaji 1: Mkuu, hizo ni namba za mtu mmoja. Na kovu hujalitaja. Ubongo huzizungushia sindano kovu, mawimbi yakafifia. Plagi ya nyaya iliyotokeza kichwani nayo ni mlango wa vijidudu. Kofia unaivua jioni.

Mchangiaji 2: Kofia nayo tusiipambe. Ukiwaza kufumba kiganja cha kulia, mawimbi ya Hz 8 hadi 12 hupungua pale C3 (alama ya elektrodi upande wa kushoto wa kichwa; Cz ni katikati, C4 kulia), lakini ni mikrovolti chache na programu huhitaji sekunde kadhaa kuamini. Ukinzani wa umeme kati ya elektrodi na ngozi ushuke chini ya kiloomu 5, na nywele nene zinainua elektrodi. Msuke mtu twende kilioni, njia zipite C3, Cz na C4, futa mafuta kwa spiriti, ndipo utie jeli. Nyaya za kimota ziwe mbali na za kichwa, la sivyo utasoma kimota badala ya ubongo. Na kimota msikifunge kiganjani! Aliyeumia uti wa shingo hahisi huko. Kifungwe begani au shavuni.

Mleta mada: Umenisaidia hoja. Bega si kidole. Ubongo ukichochewa mahali pake, mtu husema kidole ndicho kimebonyezwa.

Mchangiaji 1: Na kampuni ikifunga duka? Argus II, kifaa cha kuonea cha wasioona, kiliacha kutengenezwa mwaka 2019 na waliopandikizwa wakabaki bila fundi wala vipuri. Mkataba useme nani atakitoa kifaa kichwani, kwa fedha za nani.

Mleta mada: Hapo sibishi. Fedha ya kukitoa iwekwe benki kabla ya siku ya upasuaji. Kofia bado naikataa.